Aliyetembea kwa Jina la Nakundwa

Lango la maji la Nakundwa Mchomvu lilifungwa Jumatatu, saa moja asubuhi, na aliyelifunga ni mimi. Sikwenda shambani kwake. Nilikuwa ofisini na kikombe changu cha chai, nikabonyeza palipoandikwa "Thibitisha", na kule bondeni bamba la chuma likashuka kwenye mfereji wake, maji yakampita. Nilibonyeza kwa sababu mfumo ulisema ameua mti, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa watu walioutunza mfumo huo.

Miaka hiyo nilikuwa naongoza kitengo cha teknolojia ya habari katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Irindi, juu kabisa katika milima ya Upare. Kitengo ni neno kubwa. Tulikuwa watu wanne, seva kumi na mbili, na paka mmoja aliyependa kulala palipo na joto la seva. Wataalamu wa miti walituita mafundi wa kompyuta, na printa ikigoma walitujia mbio kana kwamba nyumba inaungua. Tuliwasamehe. Wao walijua miti, sisi tulijua nani amepita chini yake.

Chini ya udongo wa msitu mzima kulikuwa na utando. Ulikuwa ni kuvu, wa jamii ile ile inayoishi na mizizi ya miti tangu dunia iumbwe, ila huu wetu tuliuzoesha maabara kula chumvi ya shaba, na nyuzi zake zikawa zinapitisha umeme mdogo. Mtu akikanyaga, utando unashtuka, na mshtuko ule unasafiri mpaka kwenye seva zetu. Hakuna watu wawili wanaokanyaga sawa. Kuna uzito, kuna urefu wa hatua, kuna kisigino kinachoburuzwa na nyonga iliyochoka kwa kubeba. Mfumo uliosoma hayo yote tuliuita Sikio.

Na kwa kuwa maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji, hutoka msituni, Baraza la Mlima lilipitisha sheria ambayo wote tuliiona ya haki: anayeua mti anakosa zamu yake ya maji kwa msimu mzima. Hakuna polisi, hakuna kesi za kupigwa tarehe, hakuna wa kumpenyezea kitu mkononi. Sikio linasema, mkuu wa kitengo anathibitisha, lango linashuka. Sitadanganya hapa: ilifanya kazi. Kwa miaka tisa chemchemi tatu zilizokuwa zimekufa zilifufuka, na mikulo, ile miti mikubwa yenye harufu ya kafuri ambayo babu zetu waliikata mpaka ikabaki ya kuhesabika, ilianza kurudi.

Saa tatu asubuhi ile ile Nakundwa alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, viatu vyake vya mpira vimejaa tope. Alikaa kabla sijamkaribisha.

"Dada Mwantumu, maji yamenipita."

"Najua, Mama Elineema. Pole." Nikamgeuzia skrini. "Ni mkulo namba elfu nne na kumi na saba. Umechunwa gome kuzunguka shina zima. Jumanne iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mti uliochunwa hivyo haushushi tena chakula mizizini, unakauka umesimama."

"Na nimeuchuna mimi?"

"Sikio limesema hivyo. Kwa asilimia tisini na sita."

Hakupiga kelele. Aliitazama ile namba kwa makini.

"Dada, mimi napikia gesi ya samadi. Sijaukanyaga msitu ule tangu nimzae Elineema. Muulize yeyote. Nina nusu heka ya tangawizi imefika kiunoni, imebakiza miezi mitatu, na jua ndiyo kwanza linaanza. Ukinifungia msimu mzima utakuwa umeniua."

Nilimwambia nitaliangalia suala lake. Hiyo ndiyo sentensi tunayowaambia watu wote, hata wa printa. Akainuka, akaniaga vizuri, akaenda zake.

Ni baada ya mlango kufungwa ndipo maneno yake yaliponirudia. Tangu nimzae Elineema. Elineema alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku alipokuwa na umri wa siku tisa, mimi nilikuwa nimesimama langoni mwa msitu na kishikwambi mkononi, nikiandikisha nyayo.

*

Nilikuwa nimetoka Korogwe, nina miaka ishirini na sita, fundi mdogo kuliko wote. Nilipewa wiki mbili kuandikisha nyumba mia nne. Kila nyumba ilileta mwanamke mmoja anayekwenda kuni, anatembea hatua arobaini bila mzigo, anatembea arobaini nyingine na mzigo, na mimi naandika jina. Jumanne ilikuwa siku ya kuni kavu, kwa hiyo nilisimama pale langoni na mlinzi, wao wakipita nawadaka.

Pale Irindi mzazi habebi kuni. Aliyejifungua anakaa ndani, na majirani wanambebea mpaka siku yake ya kutoka. Mlinzi wa lango alikuwa akihesabu mzigo mmoja kwa kila nyumba, basi anayembebea mzazi hutaja jina la mzazi. Haikuwa udanganyifu. Mlinzi mwenyewe alijua, na mkewe alikuwa amebebewa hivyo hivyo mara tano.

Akaja mama mmoja mnene, mcheshi, miaka hamsini na kitu. Alikuwa Foibe Senzige, jirani wa Nakundwa. Nyumba yake yeye ilikwisha kuandikishwa na mkwewe.

"Jina, mama?"

"Leo mimi ni Nakundwa," akasema. "Nimejifungua juzi juzi, unionavyo hivi."

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka. Nilikuwa na nyumba mia moja na sitini zimebaki na siku tatu. Akatembea hatua zake arobaini na arobaini, mguu wa kushoto akiuburuza kidogo, nami nikaandika Nakundwa Mchomvu. Sikuwa mjinga kabisa. Kwenye safu ya maoni niliandika: "Ametembea Foibe kwa niaba ya mzazi. Rudia baada ya siku arobaini."

Sikurudia. Arobaini ilipofika nilikuwa nimetumwa kwingine.

Miaka mitatu baadaye nilipewa ukuu wa kitengo, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuhamisha data zote kutoka mfumo wa zamani. Safu ya maoni ilikuwa imejaa porojo: huyu goti linamuuma, huyu kachelewa kwa sababu ya mbuzi, huyu anasema mumewe ndiye aje. Niliipitia juu juu kwa nusu saa nikawaambia vijana wangu kwamba takataka ile haihamishwi. Nilijisikia kiongozi kweli kweli siku ile.

*

Herieli Mbwambo ndiye aliyekuwa mwandishi wetu mkuu wa programu, bwana wa miaka thelathini na mitano asiyependa maneno mengi. Nilimwomba afungue nakala rudufu ya mfumo wa zamani. Ilimchukua mpaka mchana. Kisha akaja akafunga mlango nyuma yake.

"Mkuu, wako thelathini na mmoja."

"Thelathini na mmoja nini?"

"Walioandikishwa kwa nyayo za watu wengine. Wazazi, wagonjwa, wafiwa waliokuwa bado ndani. Umeandika mwenyewe kwenye maoni, kwa jina lako." Akaweka karatasi mezani. "Foibe Senzige amekuwa akiingia msituni kila Jumanne kwa miaka kumi na miwili, na Sikio limekuwa likisema ni Nakundwa. Hakuna aliyeangalia kwa sababu hakuna aliyekosea kitu."

"Kwa hiyo gome kachuna Foibe."

"Ndiyo. Na kuna hukumu nyingine tano zinazogusa majina haya. Hizo sijui ukweli wake ni upi, na kwa data tuliyo nayo hatuwezi kuujua."

Paka alikuja akajisugua kwenye mguu wake.

"Tumfungulie lango leo," Herieli akasema. "Tuandike uchunguzi unaendelea."

"Kila mtu bondeni ataona maji yake. Watauliza."

"Waulize. Tutawajibu."

Nilimwambia asubiri nizungumze na mkurugenzi. Najua sasa kwamba nilipaswa kubonyeza pale pale, mbele yake, kabla sijapata muda wa kufikiri. Mambo mengine ukishayafikiria sana yanaharibika.

Dakta Semkiwa, mkurugenzi wetu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala msituni kwa miezi kuhesabu miche ya mkulo kwa mkono kabla utando haujabuniwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wakaguzi wanakuja lini?"

"Baada ya wiki saba."

"Wiki saba." Akaizungusha miwani vidoleni. "Unajua sheria inavyosema, Mwantumu. Msitu unabaki nje ya orodha ya mauzo ikiwa tu ulinzi wake una ushahidi usio na doa. Ukisema leo kwamba nyayo thelathini na moja zimeandikwa kwa majina ya watu wengine, mkaguzi hataona thelathini na moja. Ataona mia nne. Cheti cha ulinzi hakitoki. Na mwezi wa kwanza kuna watu wa mbao wanaosubiri na misumeno yao. Heka elfu sita."

"Na Nakundwa?"

"Nakundwa ana nusu heka." Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani ilimuuma. "Cheti kikitoka tu, tunasahihisha yote. Tunamfidia mbegu. Wiki saba tu, mama."

Nikaangalia dirishani, msitu ule ulivyopanda mpaka mawinguni, wote mzima kwa sababu ya kazi ya mikono yangu, na nikasema sawa. Neno lenyewe lilitoka kwa urahisi ambao bado unanishangaza.

*

Alhamisi ya wiki ile Foibe Senzige alikuja ofisini. Alikuwa amekonda sana. Ule unene wote ulikuwa umekwisha, na kila baada ya maneno machache alikohoa akishika kifua. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na vipande vya gome, vyekundu, vyenye harufu kali ya kafuri.

"Mwanangu, mti ule nimeuchuna mimi," akasema. "Kifua kimenitesa tangu Pasaka. Zahanati nimekwenda mpaka wamenichoka. Mama yangu alikuwa akichemsha gome la mkulo, nikasema nijaribu. Nilitaka kipande kimoja. Halafu mikono ikazoea, nikazunguka mti wote. Ni tamaa. Nilijua ni kosa hata kabla sijamaliza."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaiweka chini.

"Nifungieni mimi," Foibe akaendelea. "Zamu yangu ipo, lango langu lipo. Nakundwa mwacheni, hana habari."

Kila kitu kilikuwa mbele yangu mezani: mkosaji, ushahidi na suluhisho. Mkosaji mwenyewe alikuwa akiomba haki itendeke, na kwa gharama yake mwenyewe. Jambo jepesi kuliko yote niliyowahi kuletewa ofisini. Lakini kulipokea lile ungamo ni kuandika kwamba Sikio lilimsikia Foibe likamwita Nakundwa, na hapo ningelazimika kueleza kwa nini.

"Mama," nikasema, "mfumo hauna kumbukumbu yako kuwa msituni siku ile."

Alinitazama. Kisha akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Siku ile tu?"

"Hauna kumbukumbu yako hata siku moja, mama. Nyumba yako imeandikishwa na mkweo."

"Miaka kumi na miwili natembea pale kila Jumanne na hamnioni?" Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Si wewe uliyesimama pale langoni? Si ulicheka?"

Nikamwambia, na ninayaandika haya maneno kama nilivyoyasema ili nisijipunguzie: "Mama Foibe, umri na ugonjwa vinaweza kumchanganya mtu. Nenda nyumbani ukapumzike. Nitaandika kwamba umefika."

Hakubisha. Alifunga vipande vyake vya gome taratibu, fundo moja, fundo la pili, kama anayenipa muda. Mlangoni aligeuka.

"Sawa, mwanangu. Wewe ndiye unayejua mambo ya mashine."

Kwenye daftari la wageni niliandika: "Foibe Senzige. Ushauri."

Herieli alikuwa chumba cha pili, na ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Tangu siku ile aliacha kula chakula cha mchana na mimi. Kazi alifanya, salamu alinipa, ripoti alileta kwa wakati. Ila saa saba ikifika alichukua sahani yake akaenda kukaa na walinzi.

*

Zile wiki saba nilizihesabu kwa rangi. Tulikuwa na picha za anga za mashamba yote bondeni, za kupima unyevu, na kila asubuhi niliingia nikaangalia nusu heka moja tu. Wiki ya pili majani ya tangawizi yalianza kujikunja. Wiki ya tatu ncha zikawa za njano. Nilimwona Nakundwa, kidoa kidogo kwenye picha, akitembea na ndoo kutoka mferejini kwa jirani, na siku nyingine vidoa vilikuwa viwili. Cha pili kilikwenda polepole na kusimama mara kwa mara. Sikuhitaji Sikio kunieleza ni nani.

Wiki ya tano kilibaki kidoa kimoja. Ijumaa tukapata habari kwamba Foibe Senzige amefariki.

Nilikwenda mazikoni. Nilikaa na wanawake, nikala makande, nikaimba nyimbo ambazo si za dini yangu kwa kufuata midomo ya wenzangu. Mkwewe alinishukuru kwa kuja. Alisema mama alikuwa akinitaja. Sikuthubutu kumuuliza kwa lipi.

Wakaguzi walikuja na masanduku yao na maswali yao. Kwa siku tatu niliwaonyesha seva, utando, hukumu za miaka tisa. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniuliza: "Na uandikishaji wa mwanzo, ulisimamiwa na nani?" Nikasema ni mimi. Akasema anaona kazi nzuri, safi. Nikasema asante. Cheti kilitoka siku hiyo hiyo, na Dakta Semkiwa alilia machozi ya kweli, akakumbatia watu wote ofisini pamoja na mpishi.

Kesho yake asubuhi nilishuka bondeni.

*

Nakundwa alikuwa akifukua. Tangawizi yake ilikuwa imesinyaa ardhini, vidole vidogo vikavu, na yeye aliitoa kwa jembe na kuirusha kwenye rundo bila hasira. Nilimsalimu, akaitika. Nikasimama pembezoni mwa tuta na viatu vyangu vya ofisini, nikamweleza kila kitu. Nilimweleza ya langoni, hatua arobaini, safu ya maoni, mkurugenzi, wiki saba. Nilipofika kwa Foibe nililazimika kuanza upya.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Jembe halikusimama.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Foibe alipotoka ofisini kwako alikuja moja kwa moja hapa. Alikaa palepale uliposimama. Akaniambia ni yeye, akaniambia na ile siku ya kuandikisha, akaniomba radhi." Akapangusa jasho. "Nilimwambia twende Barazani sote wawili. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Alisema, yule binti anajua. Nimemwona usoni, anajua. Tukienda Barazani tutamwaibisha mtoto wa watu, atafukuzwa kazi. Mpe siku mbili tatu, atasema mwenyewe." Nakundwa akainua macho kwa mara ya kwanza. "Kila asubuhi alipokuja na ndoo aliniuliza, kasema? Namwambia bado. Anasema, atasema. Mpaka siku ya mwisho aliniuliza."

Nilikaa chini kwenye tuta lile. Nililia, na yeye hakuninyamazisha wala hakunifukuza. Aliendelea na tuta lake mpaka mwisho, akageuka, akaanza jingine.

"Utaenda kusema?" akauliza alipofika tena karibu yangu.

"Leo hii."

"Nenda basi. Ila usiseme unafanya kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa na haja nawe mwezi uliopita."

*

Nilisema. Baraza lilikaa siku mbili. Wazee wa Baraza walinikasirikia kwa adabu, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa. Hukumu sita zilifutwa, lango la Nakundwa likafunguliwa, na maji yakaingia kwenye shamba lisilo na kitu. Aliyachepusha kwa jembe yakaenda kwa mkwe wa Foibe, aliyekuwa na maharage.

Wakaguzi waliandika barua ndefu, kisha wakakubali cheti kibaki, kwa sharti kwamba watu wote waandikishwe upya. Ndiyo, walikubali. Hofu yote ile, na jibu lao lilikuwa kurasa mbili na sharti moja. Dakta Semkiwa aliisoma barua ile mbele yangu, akaikunja, akaomba kustaafu mapema. Mimi niliomba kuachishwa ukuu. Wakanikatalia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua nywila zote.

Kwa hiyo nikasimama tena langoni, safari hii na Herieli, na kila mtu akatembea mwenyewe. Tulipiga picha, tukachukua alama ya kidole, mashahidi wawili wakaweka sahihi. Wagonjwa tuliwasubiri wapone. Waliojifungua tuliwasubiri watoke. Hakuna aliyemcheka mwenzake pale langoni. Walipita mmoja mmoja, wakitamka majina yao matatu.

Miezi minne baadaye, Jumanne moja saa tatu asubuhi, Herieli aliniita kwenye skrini yake. Kulikuwa na nyayo zinapanda mlima na mzigo, taratibu mno, zikisimama kila baada ya hatua kumi.

"Eliwaza, mke wa mwalimu," akasema. "Mkuu, huyu si amejifungua wiki iliyopita?"

Nilimpigia simu mlinzi wa lango. Nikamuuliza kwa nini mzazi anabeba kuni mwenyewe, majirani wako wapi.

"Wapo, mkuu," mlinzi akajibu. "Lakini nani atakubali kutaja jina la mwenzake hapa siku hizi? Na wenye nyumba nao hawataki mtu atembee kwa jina lao. Kila mtu anabeba ya kwake."

Nilitoka mbio nilivyo. Nilimkuta kwenye kona ya pili, ameegemea ukingo, mzigo kichwani, uso umepauka. Nilinyoosha mikono kuupokea. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, dada, asante," akasema. "Utaandikwa."

Nikamwambia mimi ndiye ninayeandika. Nikamwambia haitamdhuru, naapa. Akatikisa kichwa kwa upole, akaushika mzigo wake vizuri kwa mikono miwili, akaanza tena kupanda. Nilimfuata nyuma mikono mitupu mpaka mlangoni kwake, nikisimama aliposimama.

Niliporudi ofisini nilifungua kumbukumbu za asubuhi ile. Yalikuwepo majina mawili, lake na langu, na yote mawili yalikuwa sahihi.